Si Garanti, Ni Waranti

Mlipoachana nami juma lililopita katika gazeti hili nilikuwa nimesimama kando ya barabara kule Kizingo, kofia mkononi, na moshi ukifuka chini ya boneti ya gari langu kana kwamba humo ndani kuna mtu anayechoma mishikaki. Watoto wa watu walikuwa wamejipanga ukutani na mikoba yao. Mama mmoja aliteremka kwenye gari lake, akamchukua mwanawe, akaniambia, "Pole sana, Mzee Kadenge," kwa sauti ile ya kumpa mkono mfiwa.

Kwa asiyenijua, mimi ni Athumani Kadenge, karani mstaafu wa bandarini. Kiingereza nilikipata shule ya usiku, baada ya kazi, kwa macho mekundu. Nilipostaafu, kiinua mgongo changu chote nilikigeuza gari: gari refu jeupe la safu tatu za viti, limetoka Japani, nimelinunua kwa Bwana Qasim mwenye yadi ya magari kule Shimanzi.

Kazi yake ni kuchukua watoto wa Mji wa Kale, ambako gari haliingii vichochoroni, na kuwapeleka shule Kizingo. Wazazi walinipa watoto wao kwa sababu moja tu: neno langu. Bandarini, makuli na wenye shehena wakibishana juu ya magunia, ilikuwa husemwa, "Muulizeni Kadenge," na ugomvi ukaishia pale.

Sasa injini ilikuwa imekufa. Wazazi wakakubali kunisubiri hadi mwisho wa juma. Baada ya hapo watatafuta gari jingine, nami nitabaki na bati la kufugia kuku.

Lakini sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na karatasi.

Gari lilivutwa kwa kamba hadi yadini. Barnabas, fundi wa pale, akafungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakiinua juani. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Umeona mwenyewe, mzee," akasema Owais, mwana wa Bwana Qasim. Hata shikamoo hakunipa. "Haya ni maji. Injini haiendi bombani ikajinywea. Umetia maji mahali pa oili. Garanti yako haipo tena."

"Si garanti," nikamwambia. "Ni waranti."

"Garanti, waranti, yote mamoja."

"Si mamoja. Karatasi yako mwenyewe imeandika waranti. Garanti ni ya redio na saa za mkono."

Mafundi waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Owais naye akatabasamu.

"Haya basi, mzee. Waranti yako imekufa maji."

Wakacheka tena, safari hii kwa kupigana makofi. Nilingoja wamalize. Mtu aliyesoma hangojei kicheko kwa hasira, hukingojea kama mvua.

"Maji yanaweza kutoka ndani kwa ndani," nikasema. "Gasketi ya kichwa cha injini ikipasuka, maji ya rejeta huingia kwenye oili. Nimesoma kitabu cha gari chote, neno kwa neno, kwa kamusi. Muulize fundi wako."

Barnabas akajipangusa mikono. "Yaweza kuwa yametoka ndani," akasema, "na yaweza kuwa yametiwa kwa juu. Maji hayana jina usoni."

"Basi fungueni kichwa muone hiyo gasketi!"

"Na tukiikuta imepasuka?" akauliza sauti nyuma yangu.

Alikuwa Bwana Qasim mwenyewe, ametoka ofisini na tasbihi yake mkononi. Mtu mzima, mpole, tunasali msikiti mmoja Ijumaa.

"Tukiikuta imepasuka," akasema, "mwanangu atasema imepasuka kwa sababu ya maji uliyotia. Nawe utasema maji yameingia kwa sababu imepasuka. Tutakuwa na kuku na yai hapa hata kiama. Mzee Athumani, mimi na wewe tumekwisha kuzeeka. Tumalize kizee."

"Vipi?"

"Ijumaa, baada ya sala, njoo. Msahafu utaukuta. Utaapa kuwa si wewe wala mtu yeyote wa nyumba yako aliyetia kitu ndani ya injini hii. Ukiapa, maji yametoka ndani, ni ubovu wa mali yangu, na injini nyingine ni juu yangu. Owais ataifunga."

"Baba!" akamaka Owais.

"Nyamaza."

Moyo ulinijaa, msomaji. Nikavua kofia nikaivaa tena.

"Hata sasa hivi naapa," nikasema. "Nyumbani kwangu tupo wawili tu, mimi na dadangu Mbodze, na dadangu hajui boneti inakofunguliwa."

"Ijumaa, mzee," akasema Owais. "Kiapo hakina haraka."

"Ijumaa, na nitakuja na mashahidi!"

Hilo la mashahidi hakuna aliyeniomba. Nililitoa mwenyewe. Njia nzima nilipita nikiwaalika wazazi wa watoto, huyu mlangoni pake, yule dukani pake: njooni Ijumaa muone Kadenge akirudishiwa haki yake.

*

Nilifika nyumbani Majengo nikamkuta dadangu ameketi mbele ya karai, akikaanga mahamri. Mbodze ni mkubwa wangu. Alifiwa na mume zamani, nami na mke, tukarudi kuishi pamoja kama tulivyozaliwa.

Nilimsimulia yote kwa furaha. Nilipofika kwenye msahafu, mwiko ukamsimama mkononi.

"Kadenge, usiape."

"Kwa nini nisiape?"

"Usiape tu, ndugu yangu. Msahafu si kitu cha kuchezewa."

"Nani anayecheza? Waranti haijaisha, naipigania."

Akanitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa kali. "Waipigania? Waranti yapiganiwa?"

"Ndiyo! Ni haki yangu."

"Haki yako." Mahamri yakaanza kuwa meusi karaini. "Na hao polisi watakuja kukukamatia hapa au watakukamatia huko huko yadini?"

"Polisi gani?"

"Wa waranti."

Harufu ya kuungua ikapanda baina yetu.

Msomaji, kama huishi Majengo nitakueleza. Kwetu waranti ni moja tu. Ni karatasi ya mahakama, na aletaye ni polisi, na aletewaye haonekani tena mtaani mpaka watu wamsahau. Mwana wa jirani yetu alichukuliwa kwa waranti katikati ya kuoga, bado ana sabuni masikioni. Redio mpya, saa mpya, feni mpya, vitu hivyo mji mzima huviita vya garanti, hata mtoto anajua. Mimi ndiye niliyeona neno la mji halinitoshi.

"Siku uliyolileta gari ulikaa hapa barazani," akasema Mbodze. "Ukavaa miwani. Ukanisomea ile karatasi, ukanifasiria. 'Dada, gari hili lina waranti.' Nikashtuka. Ukasema, 'Waranti hii itamfuata mwenye gari aliyeandikwa hapa, wala haihamishiwi mtu mwingine.' Nawe wacheka! Nikasema moyoni, masikini ndugu yangu, kusoma kumempitiliza. Amepata waranti naye afurahi."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Nilisema, 'Kadenge, hiyo waranti ni ya kweli?' Ukanijibu, 'Ya kweli kabisa, na ina muhuri.'"

Kweli nilisema hivyo. Na muhuri nilimwonyesha.

"Ungeuliza tena."

"Nikuulize tena! Siku niliyokuuliza kabureta ni kitu gani ulinipa hotuba hata magharibi ikanipita."

Nilihisi ubaridi ukinipanda miguuni, kama mtu aliyesimama majini na bahari inajaa. Nikamuuliza polepole, "Mbodze. Umefanya nini?"

Akaepua karai. Akajifuta mikono kwa upindo wa leso yake, kidole kwa kidole.

"Nilikwenda kwa ustadh," akasema. "Nikamwambia ndugu yangu ana waranti. Akasikitika sana. Akaniandikia aya za kombe kwa zafarani, kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa marashi ya waridi, akanitilia chupani. Akasema mwenye waranti na anywe."

"Mimi sikunywa kombe lolote."

"Ungekunywa? Wewe? Ungesema ni ujinga, ungenipa hotuba nyingine. Nikafikiri sana. Nikasema, lakini yeye mwenyewe alisema waranti ni ya gari. 'Gari lina waranti,' ndivyo ulivyosema. Basi nikalinywesha gari."

Niliketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Nilitaka kiti, ikawa mbuzi ndiyo iliyokuwa karibu.

"Umelinywesha wapi?"

"Pale mbele. Wewe asubuhi ulikuwa umelifungua mdomo, ukaenda kutafuta tambara. Kulikuwa na kifuniko. Nikakifungua, nikapiga bismillahi, nikatia."

"Kifuniko kipi?"

"Kifuniko ni kifuniko."

"Cha chuma? Cheusi? Kiko juu au kiko pembeni?"

"Kadenge, mimi nilikuwa natazama mlango nisionwe nawe! Nikiliona gari nitakijua. Hapa nitakuonyesha kwenye nini, kwenye karai?"

Nilimwambia maneno ambayo mhariri wa gazeti hili hatayachapa. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia ujinga wake umekula kiinua mgongo changu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Sawa," akasema. "Mimi ni mjinga. Lakini taa uliyosomea hiyo waranti, shule ya usiku, ilikuwa ikinywa mafuta yaliyonunuliwa kwa mahamri yangu."

Akachukua yale yaliyoungua, akaanza kuyachagua, mabaya huku, ya kuokoka huku.

*

Mtu akiwa na jambo la kuficha huenda kwa rafiki anayecheka. Nilikwenda Mji wa Kale kwa Jamaldin, fundi wa saa.

Alicheka mpaka kile kioo chake cha jichoni kikamdondoka.

"Nilikwambia, yakhe! Siku ya kwanza nilikwambia sema garanti kama waja wote wa Mungu!"

"Umemaliza?"

"Bado." Akacheka tena kidogo, kisha akafuta macho. "Haya. Sasa tatizo liko wapi? Wewe ulitia kitu?"

"Mimi sikutia."

"Basi apa: 'Mkono wangu haukutia kitu ndani ya injini hii.' Kuna uongo hapo?"

"Hakuna. Lakini Qasim alisema, wala mtu wa nyumba yangu."

"Dadako alipotia alisimama wapi?"

"Nje, barabarani."

"Basi si nyumbani! Barabara ni ya manispaa." Akainua bisibisi yake ndogo. "Sikiza, Kadenge. Maneno ni kama saa. Huna haja ya kuivunja. Wasogeza mshale kiasi cha unywele, na adhana inakuwa haijafika bado."

"Na msahafu?"

Hapo Jamaldin hakucheka. Akainamia saa aliyokuwa akiitengeneza. "Hilo mimi sina bisibisi yake," akasema.

Nilimwacha, lakini maneno yake sikuyaacha. Nawaungamia ninyi mnaosoma: siku zile hadi Ijumaa niliyasuka kama ukili. Nikiwa njiani nasuka, nikiwa kwenye sala nasuka, Mungu anisamehe. Mkono wangu. Ndani ya kuta za nyumba yangu. Kwa ujuzi wangu na idhini yangu. Kila nilichojifunza shule ya usiku nilikitia humo. Mwisho nikapata kiapo kizuri sana, kisichokuwa na uongo hata chembe, wala ukweli.

Mbodze hakunisemesha. Ijumaa asubuhi nikaikuta kanzu yangu imepigwa pasi, imetundikwa mlangoni. Nilipokuwa natoka akasema, bila ya kunitazama, "Ukiapa uongo, Kadenge, aliyekuapisha ni miye. Nami nitaulizwa."

Nikatoka kama sikusikia.

*

Walikuwa wamekuja. Mashahidi niliowaalika kwa mdomo wangu walikuwa wamekuja, baba wawili waliotoka moja kwa moja msikitini, na yule mama wa Kizingo aliyenipa pole, amesimama kando na ufunguo wa gari lake mkononi. Mafundi walikuwa wameacha kazi. Katikati ya yadi palikuwa na meza ndogo, na juu yake msahafu katika kitambaa cha kijani. Nyuma ya meza, gari langu, boneti juu, kama mgonjwa aliyeambiwa afungue kinywa.

"Una udhu?" akauliza Bwana Qasim.

"Ninao."

"Bismillah."

Nikaweka mkono. Kitambaa kilikuwa kimepata joto la jua.

"Mimi, Athumani Kadenge," nikaanza, "naapa kwa kitabu hiki kitukufu kuwa mkono wangu haukutia kitu, wala hakikutiwa kwa ujuzi wangu na idhini yangu, ndani ya kuta za nyumba yangu..."

Bwana Qasim akainua kidole. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeona uzi umekatika kwenye kanzu ya mwenzake.

"Mzee wangu, hayo ni marefu sana. Sema tu: si mimi wala mtu wa nyumba yangu."

Nikauweka sawa mkono wangu juu ya kitambaa.

"Sema tu, Mzee Kadenge," akasema mmoja wa wale baba. "Hilo tu, yaishe. Sisi twakujua."

Twakujua. Msomaji, nimetukanwa maishani. Kijana wa kizungu alikwisha kunitupia makaratasi usoni, kule bandarini, zamani za serikali yao. Hakuna neno lililonichoma kama lile twakujua.

Niliutazama mkono huo.

Nikauondoa.

"Siwezi," nikasema.

"Ahaa!" Owais akageukia watu. "Mmemsikia? Mmemsikia wenyewe! Ametia maji!"

"Sikutia maji."

"Basi apa!"

"Siwezi kuapa."

"Kwa nini?"

Kusema kuwa siwezi ilikuwa aibu yangu. Kusema kwa nini ilikuwa aibu ya mwingine. Yule mama wa Kizingo alishusha macho, akaanza kuufinya ufunguo wake. Nilijua anafikiri: nitampata nani wa kuchukua mwanangu Jumatatu?

"Hawezi kwa sababu yangu."

Sote tukageuka. Langoni alikuwa amesimama dadangu Mbodze, na buibui lake, na vumbi la njia nzima ya Majengo miguuni. Mkononi alishika chupa tupu ya soda.

"Mbodze, rudi nyumbani," nikasema.

"Sirudi. Wewe umesema kweli nusu, acha nami niseme nusu yangu." Akawaamkia watu kwa heshima zote, mpaka mafundi. Kisha akasimama mbele ya Bwana Qasim. "Bwana, kitu kilitiwa. Aliyetia ni mimi. Huyu hakujua."

Na akasimulia. Alisimulia yote: baraza, miwani, muhuri, waranti itakayomfuata mwenye gari, ustadh aliyesikitika, kombe. Alipofika kwenye "nikalinywesha gari," yadi ilipasuka. Barnabas aliketi juu ya gurudumu akajishika mbavu. Owais aliegemea meza machozi yanamtoka. Wale baba walikuwa wakijizuia kwa ajili yangu, na huko kujizuia kwao kulikuwa kubaya kuliko kucheka.

"Waranti!" akalia Owais. "Mzee! Si nilikwambia garanti!"

Kesho mji mzima utajua kuwa msomi wa Majengo aliisomea familia yake mpaka ikalinywesha gari kombe.

Dadangu hakuinamisha kichwa. Alikuwa ameishika chupa yake kwa mikono miwili.

Bwana Qasim peke yake hakucheka. "Mama," akasema, "waweza kunionyesha ulipotia?"

"Naweza."

"Basi sikilizeni nyote." Owais akanyamaza. "Hapo mbele pana vifuniko vitatu. Kimoja ni cha oili. Kimoja ni cha rejeta. Kimoja ni cha kichupa cha maji ya kuoshea kioo. Mama akionyesha cha oili, kosa ni lao, wala Mzee Athumani hana dai kwangu. Akionyesha chochote kingine, yale maji ya kwenye oili hayakutoka kwake, yametoka ndani, na neno langu ni lile lile. Umeridhika, mzee?"

"Nimeridhika," nikasema.

"Owais?"

"Maji ni maji tu, baba. Lakini sawa."

Mbodze akasogea. Akainama juu ya injini kama anayetazama chungu cha jirani. Akatazama muda mrefu. Mkono wake ukaja juu ya kifuniko cha oili, ukasita pale, na mimi nikafumba macho.

"Siyo hiki," akasema.

Nikafumbua. Mkono ulikuwa umevuka. Ukapita juu ya rejeta. Ukashuka pembeni kabisa, kwenye kile kichupa cheupe cha plastiki ambacho hata mimi, kwa kitabu changu na kamusi yangu, sikuwahi kukijali.

"Hapa," akasema.

Barnabas akainuka kwenye gurudumu lake, akafungua kifuniko, akatia pua. Akainua kichwa na macho yamemtoka.

"Marashi!" akasema. "Wallahi yanukia harusi humu!"

Watu wakasongamana kunusa. Mmoja wa mafundi akakimbilia ndani ya gari akabonyeza kibonyezo, na maji ya zafarani yakaruka mbele ya kioo, ya manjano, yakiteremka polepole kwenye jua. Yadi nzima ikanuka waridi. Wale baba wakatoa "Alhamdulillahi" kwa pamoja. Yule mama wa Kizingo akacheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza, na kunipungia mkono wenye ufunguo.

"Jumatatu, Mzee Kadenge?" akasema.

"Inshallah!"

Bwana Qasim akanijia, akanishika mkono, mkono ule ule niliouondoa kwenye msahafu. "Ungeweza kuapa," akaniambia kwa sauti ndogo. "Nilijua una jambo. Nami nisingekuuliza tena." Kisha akapaza sauti, "Owais, andaa injini."

Owais alikuwa amekikodolea macho kioo.

Nikamtazama dadangu. Alikuwa akitabasamu, amechoka, jasho limemlowesha ushungi. Nilitaka kumwambia kitu, na katika lugha zote mbili nilizosoma sikukipata.

Barnabas alikuwa bado ameinamia kile kichupa, akikipima kwa jicho.

"Lakini mama," akasema, "kidude hiki ni kidogo. Kweli kilimeza chupa nzima?"

"Ya kwanza, ndiyo," akajibu Mbodze.

Mkono wa Bwana Qasim ulikuwa bado umeushika wangu. Niliusikia ukilegea.